Kahawia Ipi? Kusoma Melanoma ya Jicho kwa Viashiria vya Kinga

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, mafundi sanifu wa maabara, madaktari wa macho, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma.

Naomba tuanze na slaidi moja. Imepakwa kingamwili, yaani protini inayoshika molekuli moja maalumu iitwayo antijeni; imetiwa kromojeni ya DAB, kemikali inayogeuka kahawia mahali kingamwili iliposhika; imewekwa chini ya hadubini, na yote imegeuka kahawia. Kahawia hiyo ni ya kingamwili iliyoshika antijeni yake, au ni melanini, rangi ya asili iliyokuwamo ndani ya seli tangu mwanzo? Anayetazama hawezi kujua, na asiyejua asiandike ripoti. Melanoma ya jicho, saratani ya seli zinazotengeneza melanini, hujificha ndani ya rangi yake yenyewe. Makosa mengi katika kazi hii yana mizizi miwili: tumesoma melanini tukidhani ni jibu, au tumekiuliza kiashiria, yaani antijeni tunayoitafuta kwa kingamwili, swali ambalo si lake. Nitazungumzia mizizi hiyo miwili kwa urefu, na mengine nitayapita haraka.

Tukumbushane uvimbe wenyewe. Melanoma nyingi za ndani ya jicho huota kwenye uvea, yaani tabaka lenye mishipa ya damu na rangi: takriban 9 kati ya 10 kwenye koroidi, chache kwenye mwili wa siliari, chache zaidi kwenye airisi. Melanoma ya konjunktiva, utando unaofunika weupe wa jicho, ni ugonjwa mwingine ingawa jirani ni yuleyule; nitairudia mwishoni. Ndani ya jicho hakuna njia za limfu, kwa hiyo melanoma ya uvea husafiri kwa damu. Karibu nusu ya wagonjwa hatimaye hupata saratani iliyosambaa, na katika idadi kubwa sana ya hao ini ndilo hushambuliwa. Ndiyo maana tunahangaika na viashiria: macho mawili yanaweza kufanana kabisa kwa haimatoksilini na eosini, rangi za kawaida za slaidi, mgonjwa mmoja akaishi hadi uzeeni, mwingine ini likajaa vinundu baada ya miaka 3.

Kazi huanza kabla ya kingamwili yoyote. Jicho lililoondolewa huwekwa kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 hadi 20 ya tishu, kwa saa 24 hadi 48. Sklera, ukuta mweupe wa jicho, ni ngumu na formalini hupenya polepole. Jicho likiharakishwa, katikati ya uvimbe hubaki bichi, na viashiria vya kwenye kiini, hasa protini ya BAP1 nitakayoieleza baadaye, hufifia hapo hapo katikati. Msomaji mwenye haraka ataandika kwamba protini imepotea, kumbe ni formalini ambayo haikufika. Kama tishu mbichi inahitajika kwa vipimo vya jeni, ichukuliwe mara tu jicho linapotoka chumba cha upasuaji, kwa makubaliano na mwanapatholojia, ili uhusiano wa uvimbe na sklera usivurugwe.

Kabla ya kulifungua jicho, mulika taa kali upande mmoja ukiwa kwenye chumba chenye giza. Kivuli cha uvimbe kitaonekana kwenye sklera. Kizungushie alama kwa kalamu. Kata kipande cha mwisho wa neva ya optiki sasa hivi, kabla wembe haujagusa uvimbe, ukiweke kwenye kaseti yake peke yake. Ukingoja hadi jicho lifunguliwe, seli za uvimbe zinaweza kubebwa na wembe hadi kwenye neva, nawe utaripoti uenezi ambao mgonjwa hana. Chukua pia mishipa ya vorteksi, inayotoa damu kwenye uvea, ambayo kwa kawaida ni 4 au zaidi, kila mmoja ukijua robo ya jicho uliyoutoa. Ndipo ukate kutoka nyuma kwenda mbele, ukianzia kando ya neva na kutokea kwenye ukingo wa konea, ili kipande cha kati kibaki na mboni, neva na uvimbe kwa pamoja. Pima kipenyo kikubwa cha kitako cha uvimbe na unene wake kwa milimita. Vipimo hivyo viwili bado vina uzito mkubwa katika kutabiri, na hakuna kingamwili inayoviondolea thamani.

Neno moja kuhusu macho yaliyonywea. Jicho lililokufa zamani huweza kuota mfupa ndani. Ukiliondolea chokaa kwa asidi kali, antijeni na DNA huharibika pamoja na mfupa. Tumia EDTA, inayotoa chokaa kwa upole, hata kama itakuchukua siku kadhaa.

Sasa tuje kwenye melanini, ambako nataka tukae kidogo.

Vipande vya mikroni 3 hadi 4 huwekwa kwenye slaidi zenye chaji, hukaushwa kwenye nyuzi 60 kwa saa nzima, kisha ndipo tunaamua: tufute melanini, au tubadilishe rangi ya jibu? Njia zote mbili ni halali. Ya kwanza hutumia haidrojeni peroksaidi. Ukitumia ya asilimia 3, slaidi hukaa usiku kucha katika joto la chumba. Ukitumia ya asilimia 10 kwenye nyuzi 60 hadi 65, anza na dakika 30, toa slaidi, tazama kwenye hadubini, rudisha ikihitajika. Uvimbe mweusi tititi waweza kudai muda mara mbili au tatu ya huo. Kuna pia pamanganeti ya potasiamu ya asilimia 0.25 ikifuatiwa na asidi ya oksaliki. Hiyo ni ya haraka, lakini ni kali: hutafuna baadhi ya antijeni na hung'oa kipande kutoka kwenye slaidi. Kwa kuonyesha umbo la viini kwenye slaidi ya kawaida sina neno nayo. Kwa imunohistokemia, yaani upakaji wa kingamwili, peroksaidi ya uvuguvugu ni salama zaidi.

Kuna kosa hapa linalojirudia mno. Maabara hufuta melanini kwenye slaidi ya mgonjwa, lakini tishu ya kidhibiti chanya, inayojulikana kuwa na antijeni hiyo, haifutwi. Kidhibiti kinang'aa, mgonjwa anatoka hasi, na kila mtu anaridhika. Lakini huwezi kujua kama uvimbe kweli ni hasi au peroksaidi imeua antijeni. Kidhibiti lazima kipite njia ileile, kwa muda uleule, kwenye chombo kilekile. Na daima kuwe na slaidi moja ya mgonjwa iliyopitia hatua zote isipokuwa kingamwili ya kwanza. Chochote cha kahawia kitakachobaki juu ya slaidi hiyo ni melanini iliyosalia, na ndiyo kipimo chako cha kusomea zile nyingine.

Njia ya pili ni kuiacha melanini na kutumia kromojeni nyekundu. Hapo kimeng'enya huwa fosfatesi ya alkali yenye rangi nyekundu, au peroksidesi na AEC, kromojeni nyingine nyekundu. Ukitumia AEC usithubutu kuipitisha kwenye alkoholi, maana rangi yake huyeyuka. Funika kwa gundi ya maji. Ukitaka zaidi, badala ya haimatoksilini malizia kwa rangi ya Giemsa: melanini hugeuka kijani-buluu na jibu hubaki jekundu, ukatofautisha bila kubahatisha. Mimi hupendelea nyekundu kwa viashiria vya sitoplazimu, na kufuta melanini kwa viashiria vya kiini. Sababu ni kwamba chembe za melanini zikiwa nyingi hufunika kiini chenyewe, na hakuna rangi ya jibu itakayokusaidia kuona kitu kilichofunikwa.

Hatua zinazobaki ni za kawaida. Kuamsha antijeni kwenye bafa ya sitreti ya pH 6 au EDTA ya pH 9, nyuzi 95 hadi 98, dakika 20 hadi 30, na kuacha ipoe yenyewe. Kuzima peroksidesi ya tishu kwa peroksaidi ya asilimia 3 kwa dakika 10. Kingamwili ya kwanza dakika 30 hadi 60, kisha polima, kisha kromojeni. Kiwango cha kuzimua kingamwili msikinakili kutoka maabara nyingine; kitafuteni wenyewe kwa tishu zenu na formalini yenu.

Sasa viashiria. Kundi la kwanza linajibu swali moja tu: je, seli hizi ni za ukoo wa melanosaiti, yaani seli zinazotengeneza melanini? Humo wamo Melan-A, HMB-45 inayoshika gp100, tirosinesi, MITF, SOX10 na S100. Mawili ya mwisho na MITF, kila moja ina tabia yake: SOX10 na MITF ziko kwenye kiini, S100 iko kwenye kiini na sitoplazimu. Kwa melanoma ya uvea, Melan-A na HMB-45 hufanya kazi vizuri sana, na SOX10 inafaa kwa sababu jibu lake liko ndani ya kiini, mbali na chembe nyingi za melanini. S100, ambayo kwenye ngozi tuliitegemea miaka mingi, ndani ya jicho huweza kuwa hafifu.

Tena S100 ina majirani wengi wanaoitika. Seli za Müller kwenye retina huitika. Seli shikizi za neva ya optiki huitika. Seli za Schwann kwenye neva za siliari, zinazopita katikati ya sklera, huitika kwa S100 na kwa SOX10 pia. Mtu akitafuta uenezi nje ya jicho akaona mkanda wa seli chanya ndani ya sklera, huenda anatazama neva isiyo na hatia. Tazama Melan-A ya sehemu hiyohiyo: neva itakuwa hasi. Kwa kanuni hiyohiyo tunatambua uvimbe wa seli za Schwann ndani ya uvea: S100 na SOX10 chanya, Melan-A na HMB-45 hasi. Uvimbe wa misuli laini kwenye mwili wa siliari utaitika kwa aktini ya misuli laini na kukataa viashiria vya melanosaiti. Saratani iliyohamia koroidi, ambayo kwa wanawake hutoka sana kwenye titi na kwa wanaume kwenye pafu, itaitika kwa keratini, na hapo TTF-1 (pafu) au GATA3 (titi) itakuelekeza ilikotoka. Lakini kumbukeni kwamba melanoma yenyewe huweza kubeba keratini 8 na 18. Keratini chanya peke yake haifuti melanoma.

Hakuna hata kimoja katika kundi hilo kinachosema uvimbe ni mbaya. Baka la kawaida la koroidi ni Melan-A chanya sawasawa na melanoma. Viashiria hivi hutaja ukoo; tabia tunazitafuta kwingine. Nalisisitiza hili kwa sababu ripoti zinazoandika "HMB-45 chanya, inathibitisha saratani" zimekwisha kusomwa na madaktari wakaamua hatima ya jicho.

Tabia tunaanza kuzisoma kwa macho ya kawaida: aina ya seli, spindo (nyembamba na ndefu) au epithelioidi (kubwa na pana), kwa mpango ambao mwanapatholojia Callender aliuanzisha mwaka 1931, idadi ya migawanyiko katika maeneo 40 ya lenzi kubwa, mizunguko ya matriksi, utando ulio kati ya seli, inayoonekana kwa rangi ya PAS. Ki-67, kiashiria cha seli zinazogawanyika, husaidia, lakini uvimbe wenye limfosaiti (seli za kinga) nyingi hudanganya, kwani limfosaiti nazo hugawanyika. Weka rangi mbili kwenye slaidi moja, Ki-67 ya kahawia na Melan-A nyekundu, uhesabu tu viini vya kahawia vilivyozungukwa na wekundu.

Kiashiria kilichobadilisha kazi yetu ni BAP1. Jeni yake iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3, na ilijulikana tangu zamani kwamba uvimbe uliopoteza nakala moja ya kromosomu hiyo ndio unaoua. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Marekani likaonyesha kuwa uvimbe 26 kati ya 31 wa aina inayosambaa ulikuwa na jeni ya BAP1 iliyoharibika. Nakala moja ikipotea pamoja na kromosomu na ya pili ikiharibika, protini hutoweka kwenye kiini, na huko kutoweka ndiko tunakoweza kukuona kwa kingamwili ya kawaida na hadubini ya kawaida, bila mashine ya kusoma jeni.

Hebu tuisome slaidi ya BAP1 pamoja. Melanini imefutwa. Anza na mshipa mdogo wa damu katikati ya uvimbe. Viini vya seli za ukuta wake, vyembamba, vimelala, ni kahawia. Limfosaiti mbili kando yake, kahawia. Vema: slaidi imefanya kazi hapa hapa, mahali hapa. Sasa sogeza jicho kwenye seli kubwa zinazozunguka mshipa huo: viini ni buluu, vyeusi kidogo, vyenye kiini kidogo cha ndani kilichotokeza, na hakuna kahawia. Huko ndiko kupotea kwa BAP1. Kama viini vya mshipa navyo ni buluu, usiripoti chochote. Hama mahali au rudia slaidi. Kama sitoplazimu ni kahawia na kiini ni buluu, hesabu kuwa imepotea, kwa sababu BAP1 hufanya kazi yake ndani ya kiini. Na uvimbe ukiwa na eneo moja lililobaki nayo na jingine lililoipoteza, andika yote mawili pamoja na makadirio ya ukubwa wa kila eneo.

Upande wa pili nao una tahadhari. Badiliko dogo kwenye jeni laweza kuacha protini isiyofanya kazi lakini inayoitika kwa kingamwili. Kwa hiyo BAP1 iliyobaki hupunguza hofu, haiifuti. Kuna pia familia zinazorithi jeni iliyoharibika, wanaopata melanoma ya uvea, saratani ya utando wa pafu, ya figo na ya ngozi. Kiashiria hakiwezi kutofautisha ya kurithi na ya uvimbe peke yake. BAP1 ikipotea kwa mgonjwa kijana, au mwenye historia hiyo katika ukoo, ripoti ipendekeze ushauri wa kijenetiki. PRAME, kiashiria kingine, nayo inafaa kupimwa, kwa kuwa kuonekana kwake huongeza hatari hata kwa uvimbe ambao vipimo vingine vinauona mpole.

Nije kwenye seli za kinga zenyewe, maana hapa waliofunzwa kwa melanoma ya ngozi hujikwaa. Kwenye ngozi, limfosaiti zikiujaza uvimbe tunafurahi: mwili unapigana. Kwenye uvea ni kinyume. Uvimbe wenye CD3 na CD8 nyingi, viashiria vya limfosaiti T, na makrofaji (seli za kinga zinazomeza) wengi wa CD68 na CD163, kwa wastani huenda vibaya zaidi, na mara nyingi ndio uliopoteza kromosomu ya 3. HLA ya daraja la kwanza, protini zinazoonyesha vipande vya protini kwa seli za kinga, nayo ni vivyo hivyo: ikionekana kwa wingi kwenye seli za uvimbe wa uvea, matarajio ni mabaya. Maelezo yanayokubalika ni kwamba seli zilizokosa HLA huuawa na seli za kinga za NK zikishaingia kwenye damu na ini. Zenye HLA nyingi hupita salama. Ndani ya jicho, ambako kinga imetulizwa kwa makusudi ili mwanga uendelee kupita, limfosaiti huweza kuwapo bila kuua. Basi msiandike "mwitikio mzuri wa kinga" kwenye ripoti ya uvea. Andikeni idadi na mahali zilipo, mkaishia hapo.

Kuna kosa dogo linaloambatana na hili. Makrofaji waliomeza melanini huonekana kama melanosaiti nene zenye rangi, na anayehesabu seli za uvimbe huwachanganya. Viini vyao ni vidogo na vya duara, CD68 chanya, Melan-A na SOX10 hasi. Kwenye uvimbe uliopigwa mionzi kabla ya jicho kuondolewa, huwa wengi kuliko seli za uvimbe zilizo hai.

Kuhusu tiba, gp100, ileile inayoonekana kwa HMB-45, ndiyo shabaha ya tebentafusp, dawa ya melanoma ya uvea iliyosambaa, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2022. Katika jaribio la wagonjwa 378, waliobaki hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 73 kwa waliopewa dawa hiyo, na 59 kwa wengine. Madaktari huuliza maabara: je, tupime HMB-45 ili kuchagua mgonjwa? Hapana. Anayefaa huchaguliwa kwa kipimo cha damu cha HLA-A*02:01, kwani dawa huishika gp100 ikiwa imebebwa na HLA hiyo tu. Msitumie tishu adimu kujibu swali ambalo damu hulijibu.

Konjunktiva, kwa ufupi. Huko badiliko la jeni la BRAF V600E hupatikana, na kingamwili yake ina maana kwa tiba. Kwenye uvea mabadiliko ya kawaida ni ya jeni za GNAQ na GNA11, na BRAF karibu haionekani. HMB-45 kwenye baka la kawaida la konjunktiva huwa na nguvu juu na kufifia kadiri seli zinavyozama. Ikiwa na nguvu hadi chini, tia shaka. PRAME iliyoenea kwenye viini vingi huongeza shaka hiyo.

La mwisho ni bloku, yaani tishu iliyozamishwa kwenye nta. Vipande vya sindano nyembamba ya geji 25 hutoa seli chache. Kila safari kwenye mikrotomu, mashine ya kukata vipande, hupoteza tishu wakati wa kusawazisha uso. Kwa hiyo kata slaidi 10 tupu kwa mkupuo mmoja, kabla ya kupima lolote, na uamue mpangilio: Melan-A au SOX10 kwanza, BAP1 ya pili, mengine kadiri yatakavyobaki. Bloku yenyewe isitupwe. Mgonjwa aliyeondolewa jicho anaweza kurudi baada ya miaka 10 au zaidi akiwa na kinundu kwenye ini, na daktari atauliza kama ni uvimbe uleule. Hapo mtatoa bloku ya zamani, mkate vipande vya jicho na vya ini, mviweke kwenye slaidi moja, mvipake BAP1 kwa mkupuo mmoja, mkaanze kutafuta mshipa wa damu wenye viini vya kahawia.

Asanteni. Slaidi za mazoezi ziko kwenye meza ya kushoto, na ile ambayo melanini yake haikufutwa imewekwa makusudi. Naomba kila mmoja aitazame kabla ya kuuliza swali.